Difu ya nyuma: ichague kabla hujalipia pikapu

Mnunuzi wa pikapu huuliza injini ni ya lita ngapi, mafuta inakula kiasi gani, bodi imepigwa rangi upya au la, na mwishoni kabisa: "Ni fo wili?" Akijibiwa ndiyo, roho inatulia. Difu iliyoko nyuma, chini ya bodi, yaani kile kikasha cha gia katikati ya ekseli, haiulizwi na mtu. Masika yakifika, fo wili imewekwa, lakini tairi moja la mbele linazunguka bure, moja la nyuma nalo linazunguka bure, mawili yaliyobaki yamesimama kimya. Mwenye gari anaanza kumlaumu muuzaji.

Muuzaji hakudanganya. Fo wili kazi yake ni kupeleka nguvu kwenye ekseli mbili. Baada ya hapo ni difu ya kila ekseli inayoamua nguvu ifike wapi, na difu ikiwa ya kawaida mbele na nyuma, tairi moja lenye utelezi kwenye kila ekseli linatosha kulisimamisha gari zima.

Nimeandika zaidi kwa ajili ya anayenunua gari la mkononi, kwa kuwa ndilo soko letu wengi. Anayechukua jipya dukani ataruka sehemu ya jeki na oili, asiruke mengine.

Hatua ya kwanza: elewa kwa nini tairi moja linazunguka peke yake

Gari likikata kona, tairi la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Matairi hayo yakifungwa kwenye shafti moja nzima, moja litaburuzwa. Difu ipo ili kila tairi lizunguke kwa kasi yake.

Kuna maelezo yanayorudiwa gereji nyingi, kwamba difu ya kawaida hupeleka nguvu yote kwenye tairi linaloteleza. Sivyo. Difu ya kawaida hugawa nguvu ya kuzungusha sawa kwa sawa, kushoto na kulia, wakati wote. Wabeba machela wawili hawawezi kumwinua mgonjwa zaidi ya pale anapoweza yule mnyonge. Mwenye misuli hana la kufanya na misuli yake. Tairi lililo kwenye tope linazunguka kwa nguvu kidogo tu, basi na lile lililo pakavu linapewa kidogo hicho hicho, ambacho hakitoshi kusukuma gari.

Ukielewa hilo, utaona mara moja kwa nini madereva wa zamani huvuta hendibreki kidogo gari likianza kuzungusha tairi moja. Hendibreki inalipatia lile tairi lenye utelezi mzigo wa kupambana nao, na mwenzake anapata nguvu ile ile upande wa pili. Ujanja huo hausaidii kwenye tope zito, ila kwenye nyasi zenye umande au changarawe ya kwenye kilima umeshatoa magari mengi. Na mifumo yote ya kisasa ya kompyuta, ambayo tutaifikia, inafanya jambo hilo hilo kwa haraka zaidi.

Hatua ya pili: ziandike njia zako na mizigo yako

Hapa usiharakishe. Chukua karatasi uandike gari litapita wapi kwa mwaka mzima, likiwa na nini nyuma. Si pale unapoota kwenda likizo, bali pale litakapokwenda Jumatatu.

Pikapu tupu ni gari lenye nyuma nyepesi. Springi zake za majani zimetengenezwa kubeba tani, kwa hiyo bila mzigo matairi ya nyuma yanagusa ardhi kwa uzito mdogo na yanateleza haraka, hata kwenye lami yenye mvua. Gari hilo hilo likibeba mifuko kumi ya saruji linakuwa gari lingine. Mtu anayekwenda amepakia na kurudi tupu ajiulize kipande kibaya cha njia anakipita akiwa katika hali ipi.

Kisha udongo. Anayefuata mpunga bonde la Kilombero wakati wa mvua anakutana na tope la tambarare: zito, lenye nyayo za malori yaliyotangulia, gari linakaa kwenye mifereji miwili na tumbo linaburuza. Hapo difu inayofungwa, matairi yote mawili yazunguke pamoja, ni msaada mkubwa, maana gari haliendi kokote isipokuwa mbele au nyuma.

Anayeshusha mboga kutoka milima ya Usambara yuko kwenye habari nyingine kabisa. Udongo mwekundu, mvua imenyesha, njia imeinamia upande wa korongo. Kwenye njia iliyoinama, difu iliyofungwa inaweza kukuua. Matairi yote mawili ya nyuma yakizunguka pamoja na kuteleza pamoja, hakuna linalobaki kushika ardhi kwa ubavu, na nyuma ya gari inateremka taratibu kuelekea mtaroni. Difu ya kawaida ikiteleza, tairi moja linazunguka na la pili, kwa kuwa limetulia, bado linashikilia gari lisiende pembeni. Wauzaji wa vifaa vya magari hawalisemi hili, lakini dereva yeyote wa milimani analijua.

Udongo mweusi wa mbuga, ule wa Kitengela au wa tambarare za Serengeti, una tabia zote mbili. Ukilowa unajaza mistari ya tairi mpaka tairi linakuwa laini kabisa, na barabara ikiwa imetuna katikati kila gari linavutwa pembeni. Kwenye udongo huo tairi zuri la matope lina thamani kuliko difu yoyote.

Mchanga mkavu wa pwani au mito mikavu ya Turkana hautaki difu ya ajabu kwanza. Unataka upepo upunguzwe kwenye matairi na dereva asikanyage breki. Difu ya kufunga inasaidia ukishazama, au unapoanza kuondoka ukiwa na mzigo.

Ukiona karatasi yako imejaa lami, vumbi la kiangazi na mtaa mmoja wenye mashimo, difu ya kawaida inakutosha. Fedha inayobaki inunue matairi.

Hatua ya tatu: zijue aina, na kila moja inapokuangusha

Difu ya kawaida ndiyo iliyo kwenye pikapu nyingi. Ni ngumu, haina klachi wala waya, spea zake zinapatikana hadi wilayani, na kila fundi ameshaifungua. Udhaifu wake tumeuona. Naitetea kwa sababu watu huidharau bure: kwa tairi zuri, mzigo kiasi na dereva mtulivu inafika mbali.

LSD, ambayo mafundi huitamka herufi moja moja, ina sahani ndogo za klachi ndani zinazobana pande mbili za ekseli zisiachane kasi sana. Upande mmoja ukianza kuteleza, sahani zinapeleka sehemu ya nguvu upande wa pili. Dereva habonyezi chochote. Nissan Hardbody nyingi zilikuja nayo, na baadhi ya pikapu za zamani za Isuzu na Mitsubishi pia. Ikiwa mpya ni nzuri hasa kwenye changarawe na barabara ya vumbi yenye makorongo madogo.

Tatizo ni kwamba sahani huisha kama klachi yoyote. LSD inahitaji oili maalumu yenye dawa ya kupunguza msuguano wa sahani, na gari likishapita mikono mitatu, uwezekano kwamba kila fundi aliweka oili sahihi ni mdogo. LSD iliyokwisha inafanya kazi kama difu ya kawaida, huku muuzaji akikuonyesha kibandiko. Msimamo wangu ni huu: kwenye gari lenye kilomita nyingi, LSD usiilipie hata shilingi. Ikiwa bado hai, ichukue kama bahati.

Kuna pia LSD ya gia tupu isiyo na sahani, maarufu kwa jina la Torsen. Haichakai upesi, lakini tairi likininginia hewani kabisa inakosa cha kushika na kurudi kuwa kama ya kawaida. Kwenye pikapu za soko letu ni adimu, sitaipotezea muda.

Difu loki ni kitu kingine. Unabonyeza swichi, jino la chuma linaingia, na pande mbili za ekseli zinakuwa shafti moja. Tairi moja likiwa hewani na lingine kwenye mwamba, lile la kwenye mwamba linapata nguvu yote linayohitaji. Haina nusu nusu. Land Cruiser 79, ndugu wa karibu wa zile tunazoziita mkonga, huweza kuja na loki nyuma na mbele, na swichi yake ya kuzungusha inakulazimisha ufunge ya nyuma kwanza ndipo ya mbele. Utaratibu huo una sababu: ya mbele ikifungwa, stelingi inakuwa nzito na gari linataka kwenda moja kwa moja tu. Toyota Hilux, Ford Ranger na Isuzu D-Max za miaka ya karibuni zinayo ya nyuma kwenye matoleo fulani. Si yote, na hapo ndipo watu wanapoingia mkenge.

Difu loki haitumiki kwenye lami. Ukikata kona imefungwa, matairi yanaburuzana, na shafti inabeba mzigo ambao haikuumbiwa. Inafungwa gari likiwa limesimama au likienda polepole sana, kabla ya kukwama. Anayesubiri tairi lizunguke kwa kasi ndipo abonyeze anajitafutia kuvunja meno. Magari mengine hayakubali kufunga mpaka uwe kwenye 4L, yaani fo wili ya gia nzito, na mengi huzima ABS (inayozuia matairi yasigande ukifunga breki) au msaada wa kompyuta pindi loki inapoingia. Soma kitabu cha gari hilo hasa, maana hata modeli moja hubadilika kati ya mwaka na mwaka.

Aina ya nne si difu. Ni kompyuta ikishirikiana na breki. Senso za ABS zikigundua tairi moja linazunguka kuliko mwenzake, breki ya tairi hilo inabanwa, na nguvu inaonekana upande wa pili: hendibreki yetu ya zamani, kwa sekunde. Toyota ina mfumo wa A-TRC na mwingine inaouita Auto LSD. Nissan inatumia herufi ABLS. Usichanganywe na herufi. Auto LSD haina sahani wala oili maalumu, ndani yake ni difu ya kawaida kabisa.

Mfumo huu ni mzuri kuliko sifa zake mitaani. Hauhitaji dereva ajue chochote, na kwenye milima yenye njia iliyoinama ni salama kuliko loki kwa sababu unafanya kazi tairi kwa tairi. Madhaifu yake ni mawili. Lazima tairi lianze kuteleza kwanza ndipo uamke, na kwenye tope laini kule kuteleza kwa mwanzo ndiko kunakochimba shimo. La pili, breki zinapata moto. Ukiubana muda mrefu kwenye tope zito, mifumo mingi hujizima mpaka ipoe. Kwa anayekutana nao mara ya kwanza: ukiona gari linatetemeka na breki zinagugumia, usiachie mafuta. Shikilia mguu pale pale, polepole, uipe kompyuta nafasi ya kubana.

Hatua ya nne: soma gari, usisome tangazo

Tangazo likiandika "diff lock", nenda kwenye dashibodi ukaitafute swichi. Huwa ina mchoro wa ekseli mbili zenye matairi manne na alama ya msalaba kwenye ekseli ya nyuma, au maneno RR DIFF LOCK. Washa swichi ya gari bila kuwasha injini, uangalie kama taa yenye mchoro huo inawaka kwanza na kuzimika pamoja na nyingine. Taa isiyowaka kabisa ni dalili kwamba mtu ameichomoa balbu, au waya umekatwa ili usione inavyomweka.

Kisha lala chini. Difu yenye loki ya umeme mara nyingi ina kijimota kidogo kilichofungwa kwenye hausingi, yaani ganda la difu na ekseli, au angalau waya unaoingia. Ya upepo ina bomba jembamba. Swichi ikiwepo na chini hakuna kitu, dashibodi imetoka kwenye gari lingine.

Kibati cha utambulisho wa gari, mara nyingi ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, kina mstari wa gia boksi na ekseli. Kwenye Toyota mstari huo huandikwa A/TM au TRANS/AXLE. Msimbo wa ekseli ulioandikwa hapo, pamoja na namba ya chesisi, mpelekee muuza spea mwenye katalogi. Atakwambia gari lilitoka kiwandani na difu gani. Usiubashiri mwenyewe kwa orodha za mitandaoni, nyingine ni za nchi nyingine na modeli nyingine.

Tahadhari moja kuhusu Hilux zinazotoka Thailand. Kuna matoleo yanayoitwa Prerunner: yameinuka juu, yana matairi makubwa, sura yote ni ya fo wili, lakini ni magari ya kusukumwa na nyuma tu. Si magari mabaya. Kwa mtu wa vumbi na mashimo yanafaa sana, na huwa na bei nafuu. Ubaya ni kuyalipia bei ya fo wili. Chungulia mbele chini: hakuna propela, ile shafti ndefu ya kupeleka nguvu, inayokwenda mbele, hakuna difu ya mbele.

Hatua ya tano: jeki

Omba ruhusa ya muuzaji. Akikataa kabisa gari lisiinuliwe, umeshapata jibu lako.

Weka gari kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Kaza vigingi mbele na nyuma ya matairi ya mbele, kwa kuwa hendibreki itabidi iachiwe. Inua nyuma yote, uweke stendi mbili chini ya ekseli. Jeki peke yake haiaminiki na mtu haingii chini ya gari lililoshikwa na jeki. Injini imezimwa, lever ya fo wili iko 2H (nguvu kwa matairi ya nyuma tu), gia iko nyutro, loki imezimwa.

Zungusha tairi moja kwa mkono. La pili likizunguka kinyume, hiyo ni difu ya kawaida, au LSD iliyokufa. Kwa mfuko wako ni kitu kimoja. Likizunguka upande ule ule, kuna LSD yenye uhai au loki iliyoganda ikiwa imefungwa. Kutofautisha, ingiza gia ya kwanza kwenye gari la gia za kubadilisha kwa mkono, uzungushe tena. LSD nzima itakupa ukinzani mzito lakini kwa nguvu ya kutosha itasogea. Loki iliyoganda haisogei, na gari lenye difu iliyochomelewa nalo halisogei.

Ndiyo, kuna watu wanachomelea gia za ndani za difu ili matairi yote yavute. Inafanywa na mafundi kwa ajili ya magari ya shambani, kisha gari linauzwa mjini. Ukikata kona kwenye lami utasikia matairi yakilia na gari likiruka ruka. Gari hilo liache hapo hapo, hata kama bei inashawishi.

Wakati bado liko juu, shika propela uitingishe. Kuchezacheza kidogo ni kawaida. Ikiwa inazunguka kipande kikubwa kabla ya kugonga, krosi (viungo vya propela) zimekwisha au meno ya krauni na pinioni, gia kuu mbili za difu, yameachana. Angalia pia kama sili ya pinioni inavuja, na kama ndani ya rimu kuna oili, maana oili ya difu ikipita kwenye sili ya shafti inakwenda kulowesha breki.

Hatua ya sita: oili na barabara

Oili ya difu inasema mengi kuliko kilomita za dashibodi. Legeza kwanza boliti ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia. Anayeanza na ya chini akagundua ya juu imeganda, amebaki na difu tupu. Boliti ya chini mara nyingi ina sumaku. Uji mwembamba wa kijivu juu yake ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni meno au beringi. Oili ikiwa kama maziwa ya chai, maji yameingia, na gari hilo limevuka mito au limekaa kwenye mafuriko. Hapo ukague na gia boksi pia.

Barabarani, zima redio. Mlio wa kuimba unaosikika ukikanyaga mafuta na kubadilika sauti ukiachia, kwa kawaida unatoka kwenye krauni na pinioni. Mngurumo usiobadilika kwa mafuta, unaofuata mwendo wa gari tu, mara nyingi ni beringi, au tairi la matope lenye kelele zake. LSD ikiguguna kwenye kona kali za taratibu, jaribu kubadilisha oili kabla ya kuihukumu.

Difu loki ijaribu kwenye mchanga au nyasi. Simama, bonyeza. Taa itamweka, sogea taratibu huku ukizungusha stelingi kidogo kushoto na kulia ili meno yakutane. Taa ikitulia, kata kona polepole: utahisi gari linakataa, nyuma inasukuma mbele. Zima swichi, sogea tena, taa izimike kabisa. Loki inayoingia na isiyotoka ni mbaya kuliko isiyoingia. Kwa gari lililokaa miaka bila loki kutumika, kijimota kuganda kwa kutu ni jambo la kutarajia, kwa hiyo likikataa omba bei ishuke kwa gharama ya kijimota kizima, si ya "kupuliza tu waya" kama dalali atakavyokwambia.

Hatua ya saba: uwiano wa meno

Hili linapita haraka, ila lina hatari yake. Difu yenye uwiano wa 4.1 propela inazunguka mara 4.1 kwa mzunguko mmoja wa tairi. Namba kubwa zaidi inavuta mzigo vizuri na injini inakwenda kwa mizunguko mingi kwenye barabara kuu. Ndogo ni kinyume chake. Kwa pikapu ya kiwandani wahandisi wameshachagua, usijisumbue.

Sumbuka iwapo difu ya nyuma imewahi kubadilishwa kwa kutoka skrepa. Kwenye fo wili ya lever, mbele na nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Zikitofautiana, gari linakwenda vizuri kabisa kwenye 2H, na siku ukiweka fo wili ekseli zinavutana mpaka kitu kivunjike. Namna ya kuhesabu: acha tairi moja la nyuma chini, inua la pili, gia nyutro, chora chaki kwenye propela na kwenye tairi. Kwa difu ya kawaida zungusha tairi lililo juu mara mbili kamili. Mizunguko ya propela utakayoihesabu ndiyo uwiano. Linganisha na msimbo wa kibati.

Hatua ya nane: ilipie, iongeze baadaye, au iache

Mwenye shamba la tambarare, mwenye kubeba mzigo mvua ikinyesha, mwenye kazi za nguzo za umeme au visima vijijini, atafute gari lenye loki ya kiwandani. Kuiongeza baadaye kunagharimu zaidi na kunategemea mkono wa fundi. Loki za upepo za ARB ya Australia zinaheshimika na zinapatikana kwa pikapu nyingi, lakini zinahitaji kompresa, mabomba, na fundi anayejua kupima nafasi kati ya krauni na pinioni kwa geji. Gereji inayopima kwa kusikiliza mlio usiipe kazi hiyo. Kuna pia loki za kujifunga zenyewe, bei ndogo, zinazowekwa mahali pa gia za ndani. Kwenye lami zinagonga na kuvuta gari ghafla kwenye kona. Kwa gari la shamba tu ni sawa, kwa gari la familia hapana.

Mtu wa milima yenye njia zilizoinama, nitamshauri gari lenye mfumo wa breki na kompyuta kabla ya loki. Akipata vyote viwili aizoeze mikono yake kuacha swichi ya loki hapo ilipo.

Mzigo mzito daima? Basi uliza na aina ya ekseli. Land Cruiser 79 ina ekseli ambayo uzito wa gari unabebwa na kikombe cha hausingi, shafti inazungusha tu. Ikivunjika unaichomoa, unaziba, unaondoka kwa nguvu ya mbele. Kwenye Hilux shafti hiyo hiyo inabeba uzito pia. Kwa anayefunga loki akiwa na tani nyuma, tofauti hiyo ni kubwa kuliko jina lililoandikwa kwenye grili.

Na mwenye lami na vumbi: difu ya kawaida, matairi manne mazuri ya saizi moja, kamba ya kuvutia, koleo.

Baada ya kununua

Mwaga oili ya difu hata kama muuzaji ameapa kwamba ni mpya. Weka daraja la GL-5 lenye uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Kama ni LSD, chupa iseme wazi kwamba inafaa LSD. Matairi ya nyuma yawe na saizi moja na uchakavu unaolingana. LSD yenye tairi jipya upande mmoja na kipara upande wa pili inasagana kila mita, hata kwenye barabara iliyonyooka.

Loki ifunge na kuifungua angalau mara moja kwa mwezi, kwenye vumbi, hata kama huna safari ya tope.

Jambo la mwisho linasahaulika na karibu kila mtu. Juu ya hausingi kuna kipumulio kidogo cha kutoa hewa ya moto. Ukiingia mtoni ekseli ikiwa na moto, inapoa ghafla na kuvuta hewa. Kipumulio kikiwa chini ya maji au kimeziba kwa tope, kinachovutwa ni maji, kupitia hapo au kupitia kwenye sili. Mwambie fundi afunge mpira mrefu kutoka kipumulioni hadi juu nyuma ya taa ya bodi au ndani ya boneti, mdomo wake ukitazama chini. Kazi hiyo anaimaliza huku oili ya zamani bado inachuruzika.